Naomba ushauri: rosasea (ugonjwa sugu wa ngozi ya uso unaoleta wekundu na vipele) iliyodhaniwa kuwa chunusi

Wenzangu katika tiba, naomba ushauri kuhusu mama wa miaka 46 mwenye ngozi nyeusi, ambaye kwa miezi kadhaa alitibiwa chunusi kwa krimu yenye steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe wa ngozi), akapata nafuu ya muda mfupi, kisha vipele vikarudi kwa ukali zaidi mashavuni na puani. Sikuona komedoni (vitundu vya ngozi vilivyoziba, ambavyo ni dalili ya chunusi) hata moja, na kwa kuwa wekundu hauonekani kirahisi kwenye ngozi ya namna hii, nilimuuliza kama uso humchoma anapokaa juani au anapokunywa kitu cha moto. Alikubali yote mawili. Naamini ni rosasea, na inaniuma kwamba ilichelewa kutambuliwa.

Nimesimamisha steroidi, nimempa metronidazoli ya kupaka ya asilimia 0.75 na kumsisitizia kujikinga na jua. Je, niongeze sasa antibiotiki ya kumeza, doksisaiklini, na kwa dozi gani? Macho yake pia ni makavu na huhisi kama yana mchanga: nimpeleke mara moja kwa daktari wa macho, au nianze na usafi wa kope? Zaidi ya yote, mnamsaidiaje mgonjwa kuvuka wiki za mwanzo baada ya kuacha steroidi, wakati uso unapozidi kuwaka?