Amehamia mtaani juzi tu, leo katia mkono kwenye NYUMBA ya mzee!

Wakuu, naandika vidole vinatetemeka, mkikuta herufi zimerukana mnisamehe. Natoka kijiweni sasa hivi. Kahawa yangu nimeiacha kwenye kikombe inatoa moshi, na mimi tangu nipate akili sijawahi kuacha kahawa.

Mnamjua. Watu wa Magomeni wote mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule aliyehamia wiki iliyopita na kirikuu kimejaa makochi, saa tano usiku, honi mtaa mzima kama anakuja kuoa.

Leo baada ya alasiri, pale kwenye mwembe, mzee wetu anacheza bao na fundi cherehani. Siyo bao la kupoteza muda. Fundi amekuja kulipa deni la jana, watu kama 15 tumesimama, hata wa bodaboda wamezima pikipiki. Mzee amebakiza kete 3 mkononi kati ya zile 22 za kunamua, yaani za kuingiza ubaoni moja moja, nyumba yake, lile shimo lake kuu, imenona, nimehesabu kwa macho yangu, kete 11. Ameshika kete moja ya komwe anaisugua kwa kidole gumba taratibu. Mzee akianza kusugua hivyo hata muuza kahawa hagongi vikombe.

Ndipo akaja.

Salamu hakuna. Shikamoo hakuna, na mzee yule kazaliwa kabla ya Uhuru! Simu mkononi, spika wazi, mtu anacheka ndani ya simu hadi kunguru wakahama mwembe. Akapita katikati ya watu na ubao, akasimama nyuma ya mzee, akasema, "Mzee mbona unachelewa, si upige hapa?" AKATIA MKONO KWENYE NYUMBA. Akachota kete za mzee, akaanza kuzisambaza.

Nyumba, jamani. Nyumba ya mtu. Mbuzi wa jirani akiingia uani kwako anasimama mlangoni kwanza anageuza shingo, anaona aibu. Huyu kaingia bila hodi, bila viatu kuvua, mkono mzima hadi kwenye kiwiko!

Na hicho alichotaka kumfundisha mzee hakipo katika bao la Kiswahili. Mzee alikuwa bado ananamua. Ukiwa unanamua unaanza kwa kuweka kete ya mkononi, huendi kuchota shimo ubaoni ukaanza safari. Mtoto wa miezi mitatu kijiweni analijua hilo. Kwa hiyo hajui bao, hamjui mzee, hatujui sisi, lakini mkono wake unajua njia ya nyumba.

Nikamwambia kwa upole kabisa, "Kaka, salamu kwanza." Akanitazama kuanzia kandambili hadi kofia. "Kwani hapa mnalipia kodi?"

Mimi nilikuja mtaa huu mwaka 2009 natokea Tanga. Kuna ndoo ya rangi iliyopasuka mdomo, ilikuwa inawekwa mwisho kabisa karibu na mtaro. Hiyo ndiyo ilikuwa siti yangu. Nikifika natoa salamu, ya wote kwanza, halafu shikamoo kwa wazee mmoja mmoja, nakaa kwenye ndoo, nasikiliza. Nikajua nani hataniwi kuhusu mkewe, nani akisema "nitafikiri" maana yake hapana, mada gani ilishawagombanisha watu wakanuniana mwaka mzima. Nikipata hela nanunua kahawa ya wote na kashata. Mwezi ulipokaribia kwisha mzee huyu huyu akanigeukia, "Kijana, wewe wa kwa nani?" Nikamweleza. Akasema, "Sogea huku, mtaro unanuka." Wakuu, siku ile nilirudi nyumbani natembea kama nimepewa cheo.

Sisemi mgeni asiongee. Sote tulikuja na mabegi. Lakini huyu Jumatatu alitukuta tumeshabishana saa nzima kuhusu penalti ya Simba na Yanga, tumebakiza kidogo tuelewane, akaingia: "Mnaongelea nini?" Tukamrudia tangu mwanzo kwa heshima. Hatujafika nusu, akakata hukumu! Kwa kelele, kama anaita gari Mbagala. Nilinyamaza. Nikasema mgeni njoo mwenyeji apone.

Leo mwenyeji kaugua. Mnajua mzee alifanya nini? Hakusema neno. Ile komwe aliyokuwa anaisugua akaiweka pembeni ya ubao, akapangusa mikono kwenye kikoi, akachukua fimbo yake, akaenda msikitini. Adhana ilikuwa bado nusu saa! Na jamaa akakaa PALE PALE alipotoka mzee, akamwambia fundi, "Haya, twende."

Kwenye nyumba, wakuu. Mkono. Semeni wenyewe, povu ruksa.

Kobe wa Kigogo: Nimekaa siti ya mbele, kahawa ninayo. Endeleeni.

Mjukuu wa Bibi: Mkuu kichwa cha uzi kimenitisha. Nikasema yamekuwa makubwa, jamaa kaingia kwa mke wa mzee. Kumbe kete?!

Mleta uzi: @Mjukuu wa Bibi nyumba ni nyumba. Usinichefue na wewe.

Shimo la Saba: Swali dogo. Una uhakika zilikuwa 11? Maana zikipungua 6 hiyo siyo nyumba tena, ni shimo kama mashimo mengine, na kesi yako inakufa hapo.

Mleta uzi: KUMI NA MOJA. Nimeandika juu kule. Soma kwanza!

Shimo la Saba: Kuhesabu kwa macho na kuhesabu kwa mkono ni mambo mawili. Fundi anasemaje?

Kobe wa Kigogo: Fundi alikuwa anafungwa, atasema zilikuwa 2 😂

Mpemba wa Wete: Mie huku kwetu barazani mtu mgeni hapewi nafasi ya kufanya hayo. Akija, "Asalaam aleikum", hukaa pale penye nafasi, haruki mabega ya watu. Akitaka kucheza hungoja afungwe mtu, ndipo ainuke. Sasa nyinyi watu 15 mmesimama, mzee wenu kainuka kaenda zake, mmetazama tu. Kosa lenu hilo, si lake peke yake.

Mleta uzi: Nilimwambia salamu kwanza. Akaniuliza kodi.

Mpemba wa Wete: Ungelifunika ubao.

Dogo Janja wa Mabibo: Ukweli usemwe, na nyie wazee wa vijiwe mmezidi. Mwezi mzima mtu akae kwenye ndoo karibu na mtaro kwa sababu gani? Mimi nilihamia Manzese, nikatoa salamu vizuri, hakuna aliyeitikia. Siku tatu nasalimia miti.

Mleta uzi: Wasioitikia salamu nao wana kesi yao, mdogo wangu, na ni kubwa. Huyu hakutoa.

Mtumwa wa Riziki, Maskati: Huku majlisi za Waomani ugeni wangu ulinitia adabu. Unaingia unatoa salamu, unapeana mikono na waliokaa, unaanzia kulia. Kahawa unapokea kwa mkono wa kulia. Mimi sikujua kwamba ukitosheka unatikisa kikombe, basi nikinywa, ananimiminia, nikinywa, ananimiminia. Nilikunywa finjani tisa nikidhani ndiyo heshima, usiku sikulala. Kuna mzee aliniona, akatikisa cha kwake pole pole huku ananitazama, bila kunitia aibu. Mgeni mzuri ni macho.

Mjukuu wa Bibi: Finjani tisa 😂😂 Uzi ufungwe, mshindi kapatikana.

Shangazi wa Mapipa: Nyie wanaume mnalia na kete. Njooni huku uani kwetu. Mpangaji mpya, dada mtu mzima, ana siku nne tu. Jana nimerudi nimekuta khanga zangu zimeshushwa kwenye kamba zikiwa mbichi, zimerundikwa juu ya kifuniko cha pipa, yeye kaanika mapazia. MAPAZIA! Kamba niliyonunua mimi, msumari niliopigilia mimi.

Kobe wa Kigogo: Khanga mbichi? Hapana, hapo sasa ni vita.

Mama Wawili: Shangazi bora wako wa kamba. Sisi vyumba sita mita moja ya LUKU, tunachanga elfu tano tano. Kaja mpangaji mpya ana friji, pasi na jiko la umeme, anatoa elfu tano sawa na bibi wa chumba cha mwisho mwenye taa moja. Umeme ukikatika yeye ndiye wa kwanza kutoka nje: "Jamani hamjanunua?"

Dogo Janja wa Mabibo: Jiko la umeme kwenye LUKU ya kuchanga? Huyo hata mimi sitamtetea.

Shangazi wa Mapipa: Mama mwenye nyumba anasemaje?

Mama Wawili: Anasema tuelewane wenyewe. Kodi ya miezi sita amechukua, atasema nini.

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye mada tafadhali. Mzee nimempitia nyumbani kwake baada ya magharibi. Kaniambia hatakuja kesho. Miaka yote hii hajawahi kukosa.

Shimo la Saba: Alikwambia zilikuwa ngapi?

Mleta uzi: Sikumuuliza! Nilimkuta anapasha uji. Nikamwambia ubao tumeuweka kwa fundi, haujaguswa tena. Akasema, "Asante, mwanangu." Basi.

Mpemba wa Wete: Mwendeeni asubuhi nyote, si wewe peke yako. Na huyo kijana mchukueni awe mbele.

Mama Wawili: Sawa, lakini mnaojua umeme nisaidieni. Mtu mwenye friji na jiko achangie ngapi kwa haki? Mimi nimesema elfu ishirini, kanijibu namwonea wivu.

Kobe wa Kigogo: Friji la milango miwili au mmoja?

Mama Wawili: Miwili. Na anauza barafu.

Shangazi wa Mapipa: ANAUZA?!