Kafariki mzee aliyebuni kaseti. Nani mwengine ameguswa, na kaseti za mama niziokoe vipi?

Binti Wete

Assalamu alaykum jamani.

Nimesoma leo kwamba Lou Ottens, mhandisi wa Kiholanzi aliyebuni kaseti, alifariki tarehe 6 mwezi huu wa Machi 2021, umri miaka 94. Jina lake nimelijua leo leo, na nimelia kama niliyefiwa na ami yangu.

Kaka yetu mkubwa aliondoka Pemba kwenda Muscat mie bado sijatiwa chuo cha Kurani. Mama alisoma Kurani, lakini kuandika barua hakukuweza, na kuandikiwa na mtu hakukutaka. Mambo ya nyumba yake hakupenda yapite mkononi mwa mtu mwengine. Basi baada ya Isha huiweka redio kaseti juu ya jamvi, akabonyeza vitufe viwili pamoja, akaanza: "Mwanangu, sisi hatujambo, khofu ni juu yako." Atamweleza karafuu za mwaka ule zimezaa vipi, nani kaanguka mkarafuuni, nani kaposa na nani kaachwa. Akimaliza, sote tunaitwa tumsalimie kaka. Bibi alikuwa akinadi kwa nguvu zake zote, kwani Muscat ni mbali. Kaseti hufungwa kwenye kitambaa, akapewa msafiri. Baada ya miezi inarudi ile ile, na sauti ya kaka imo ndani.

Mama ametangulia mbele ya haki. Picha yake ninayo moja, ya kitambulisho, na haifanani naye. Sauti yake, kama ipo, imo kwenye zile kaseti ndani ya kopo la biskuti. Masika ndiyo hayo yanaingia na baadhi zimeshaota ukungu mweupe. Naogopa kuzitia kwenye redio zikaliwa.

Kuna anayejua nifanye nini? Na kuna mwengine aliyeguswa na kifo hiki, au ni peke yangu?

Mkaazi wa Gando

Dada yangu, pole kwa bi mkubwa. Lakini nikwambie ninavyoona. Mwezi uliopita tu tumemzika Maalim Seif kule Mtambwe. Kisiwa kizima bado kina msiba. Huyu Mholanzi sidhani kama aliwahi hata kulisikia jina la Wete. Kaseti zihifadhi, ni haki yako. Machozi tuwawekee watu wetu.

Fundi wa Mlandege

Waalaykum salaam mwanangu. Huko peke yako. Mie nimekula na nimesomesha kwa kutengeneza redio kaseti, na habari hii imenikalisha kitako.

Kabla yake, kurekodi kulikuwa kwa mashine nzito za mikanda ya gurudumu, na mkanda lazima uupitishe mwenyewe kwa vidole. Ottens aliongoza wabunifu wa Philips kule Hasselt, Ubelgiji. Alikata kipande cha mbao kinachoingia mfuko wa koti lake, akasema mashine isizidi hapo. Kaseti ikaonyeshwa Berlin mwaka 1963. Baadaye Philips wakawaachia wenye viwanda wengine watengeneze kwa kipimo kile kile bila kulipia leseni. Hapo ndipo watu wengi hawapaoni! Ndiyo maana kaseti ya TDK, ya Maxell au ya Sony, zote zikiingia kwenye redio moja, iwe imenunuliwa Darajani au Dubai. Kila kampuni ingekuja na umbo lake, mama yako angerekodi huku na kaka yako asingeweza kufungua kule.

Na fikiria hili. Siti binti Saad, na sauti ile, mwaka 1928 ilibidi avuke bahari na wenzake hadi Bombay ndipo aingie kwenye santuri. Kilichompeleka Siti Bombay, mama yako alikipata juu ya jamvi lake Wete, bila ya kuombwa nauli wala kuulizwa yeye ni nani. Ndugu yangu wa Gando, mie kwa hilo ninamlilia.

Sasa kaseti zako. Zenye ukungu usizitie kwenye redio hata kidogo, utachafua kichwa cha kusomea na ukungu utahamia kwenye nzima. Zitoe kwenye kopo, ziweke kivulini penye upepo, mbali na spika maana sumaku inafuta. Juani usianike.

Zilizo safi, kwanza zungusha kwa kalamu ya wino polepole uone kama mkanda unakwenda. Zilizoandikwa 90 au 120 ziwe na hadhari zaidi, mkanda wake ni mwembamba. Angalia pale katikati kama kile kipande cha sufi kinachosukuma mkanda kipo, huwa kinabanduka. Vile vijino viwili vya mgongoni vivunje, ili mtu akikosea kitufe asirekodi juu yake. Safisha kichwa cha redio kwa pamba na spiriti. Sauti ikiwa nzito kama ya mtu mwenye usingizi, mpira wa ndani umelegea. Kaseti haina kosa.

Kisha waya kutoka tundu la spika za masikioni hadi kwenye kompyuta, programu ya Audacity, uhifadhi kwa WAV kwanza, faili kubwa lisilopunguza sauti. MP3 ya kutumiana WhatsApp itafuata.

Na sikiliza vizuri hapa, mwanangu. Umesema kaseti ilikwenda na kurudi ile ile. Kila aliyerekodi alifuta barua ya mwenziwe. Lakini barua mpya ikiwa fupi, ya zamani hubaki mkiani. Kaka yako akinyamaza usizime. Iache iende hadi mwisho, pande zote mbili.

Mwana wa Mtambwe, Muscat

Nimesoma maneno ya fundi nikasimama. Huku kaseti ikifika, jamaa wote wa Pemba hujaa chumba kimoja, kila mtu anasubiri litajwe jina lake. Kuna sauti za majogoo mle ambazo zilitutoa machozi watu wazima. Dada, muulize kaka yako pia. Wengi wetu tulizinakili kabla ya kuzirudisha, kwa redio yenye milango miwili.

Binti Wete

Kaka wa Gando, Maalim nimemlilia na bado namuombea. Msiba mmoja haukatazi mwengine. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba asiyewashukuru watu hamshukuru Mwenyezi Mungu, na mtu huyu ana haki ya shukrani kwangu.

Nimempigia kaka. Amekaa kimya kitambo, halafu akasema anazo nakala, chini ya kabati, na hajawahi kuzifungua tangu mama afariki. Alikuwa hawezi. Tumekubaliana azilete mwenyewe, asizipe mtu.

Fundi, hizi zenye ukungu siwezi kuzigusa, mikono inanitetemeka. Ukinikubalia nipande boti Mkoani nije Unguja nikuletee.

Mkaazi wa Gando

Nimekuelewa dada. Nyumbani kwetu pia kuna kaseti za marehemu baba akisoma Maulidi. Fundi, na mie nizilete?

Fundi wa Mlandege

Leteni zote. Zenye ukungu nitazifungua skrubu na kuhamishia mkanda kwenye ganda jipya, magamba bado ninayo. Msizifunge kwenye mfuko wa nailoni, zitatoa jasho njiani, gazeti linatosha. Dukani nipo baada ya Alasiri, Ijumaa sifungui.