London hadi New York: mbona kurudi ni haraka kuliko kwenda?

Swali: Salaam wanajamvi. Umbali wa anga kati ya London na New York ni takribani kilomita 5,550, na ndege kubwa za abiria huenda kilomita 900 hivi kwa saa. Kwa hesabu hiyo safari ingechukua saa 6 na ushei. Mbona basi ratiba ya kwenda huonyesha karibu saa 8, na ya kurudi saa 7?

Jibu: Sababu kubwa ni upepo. Katika kimo cha kilomita 10 hivi hupita mkondo wa upepo mkali utokao magharibi kwenda mashariki, ambao majira ya baridi unaweza kuzidi kilomita 200 kwa saa. Ndege inayoelekea London husukumwa nao, ilhali inayokwenda New York hupambana nao au huzunguka ili kuukwepa. Februari 2020, ndege moja ya abiria ilitoka New York ikafika London kabla ya kutimiza saa 5.

Jibu: Isitoshe, muda wa ratiba huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inapoegeshwa tena, kwa hiyo foleni ya kuruka nayo imo.

Muulizaji: Nashukuru. Na ile njia iliyopinda kaskazini kwenye ramani, haiongezi umbali?

Jibu: Hata kidogo. Ukivuta uzi juu ya tufe la dunia kati ya miji hiyo, utaona unapitia Newfoundland, kisiwa cha mashariki mwa Kanada, na hiyo ndiyo njia fupi kuliko zote. Kinachopotosha ni ramani bapa.