"Mlete mkeo avute" — yule fundi leo amenimaliza

KasiaMoja
Wakuu, sina salamu. Natoka mwalo wa Kibirizi hapa Kigoma sasa hivi, mkono wa kulia haunyanyuki, naandika kwa wa kushoto.

Ni yule fundi. Simtaji, mwaloni pale hata mbuzi wanamjua. Yule mwenye bisibisi moja tangu enzi za Mjerumani. Mashine yangu ya boti ni ya HP 40, wiki ya tatu sasa inawaka ikijisikia. Ukiwa ufukweni unavuta mara moja inanguruma. Ukishafika ndani ukazima uteremshe wavu, kwisha habari. Vuta, vuta, vuta, imenyamaza kama mdeni aliyeona namba yako. Juzi usiku nimevuta kamba mara elfu tatu na mia mbili, nimehesabu. Tumerudi kwa kasia kutoka usawa wa Kalalangabo, na ni giza hili, hakuna mbalamwezi, wenzetu wote wanajaza!

Nampelekea. Hata kifuniko hakufungua! Kaitundika kwenye pipa la maji, kashika kamba kwa vidole viwili, VIWILI, kavuta mara moja. Ikawaka. Akazima, akawageukia akina mama wanaosubiri dagaa: "Mashine nzima hii. Mlete mkeo avute."

Mlete mkeo avute! Kuna mama alicheka mpaka beseni likamtoka kichwani. Na 30,000 yangu kachukua, eti ya kuangalia. Kuangalia nini? Alikuwa anaangalia akina mama!

Nimefika nyumbani ugali haupiti. Mbele ya wateja wangu. Mlete. Mkeo. Avute.

Mgebuka_wa_Jana
Pole mkuu. Swali dogo tu: shemeji kavuta?

BintiUjiji
Nimevuta kiti, nasubiri jibu la hapo juu.

KasiaMoja
Nyie ndio mnaomfuga yule mtu.

PlagiKavu
Tucheke baadaye. Mashine inayogoma na kuacha huwezi kuipima ikiwa inawaka, unaipima palepale ilipogoma. Beba spana ya plagi kwenye boti. Ikigoma, fungua plagi uitazame. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika, kasoro iko kwenye cheche: badilisha plagi, ikiendelea shuku koili, kuna zinazokufa zikipata moto zikipoa zinafufuka. Tazama na swichi ya ile kamba nyekundu ya kuzimia, ikiingia kutu inakata moto inapojisikia.
Ikiwa plagi ni kavu, mafuta hayafiki. Ile pampu ya mkono kwenye mpira, ukiiminya inakuwa ngumu au imelegea kama ndala? Na kile kiskrubu cha hewa juu ya kifuniko cha tenki huwa unakilegeza?

KasiaMoja
Kiskrubu kipi?

Mgebuka_wa_Jana
Mungu wangu.

PlagiKavu
Mkuu, ukikifunga, mashine inanyonya petroli lakini hewa haiingii kufidia, tenki linajibana, mafuta yanakatika. Unahangaika, hewa inapenya kidogokidogo, kesho yake inawaka. Pale kwenye pipa fundi alitumia tenki lako au lake?

KasiaMoja
Lake.
Lakini hata kama! Ndiyo aseme mlete mkeo avute?

Kipe_Namba9
Wewe una nafuu. 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, Mei 15 mpaka Agosti 15, mashine yangu ililala miezi mitatu na petroli ndani. Kufungua, kabureta imeganda gundi. Nikampelekea huyohuyo. Kaisafisha kwa mswaki. Jioni nampitia kwake, namkuta bombani anapiga meno kwa mswaki uleule.

BintiUjiji
Ndiyo maana akicheka unasikia harufu ya petroli!

MamaBeseni
Aliyecheka ni mimi. Beseni langu limepasuka ukingoni, nani analipa, wewe au fundi? Na msijifanye watakatifu, nyie wavuvi sado zenu za kupimia dagaa mmezibonyeza tako, mtu ananunua sado tano akifika nyumbani ni nne na mchanga.

Kipe_Namba9
Mama, dagaa tunaanika mchangani, unataka tuwaanike kwenye kapeti?

MamaBeseni
Chanja zipo! Waliojenga chanja wanauza safi na bei nzuri. Wewe uvivu tu.

Mgebuka_wa_Jana
Hili la sado ndilo la kufungulia uzi. Mimi niliuziwa iliyokuwa na kitambaa chini. Kitambaa!

KasiaMoja
Jamani turudi kwenye mada. MLETE MKEO AVUTE.

BintiUjiji
Kitambaa cha rangi gani? Maana mama yangu mdogo naye alikikuta, cha bluu.

Mgebuka_wa_Jana
Bluu! Mtu mmoja huyo, yule wa karibu na mzani. Anawajua wote.

MamaBeseni
Usiniambie. Yule mwenye koti la mvua kiangazi chote?

MpitaNjia_Tabora
Samahani wakubwa, nimeshuka na treni leo. Kuna boti ya kwenda Mwamgongo kesho asubuhi? Mashine yake iwe inawaka.