Baiskeli ya kupeleka Wete: boksi la mtandaoni au fundi wa Limbani?

Kutoka: Mwana wa Mtambwe, Milton Keynes

Assalamu alaykum jamaa zangu,

Naomba ushauri kabla sijabonyeza kulipa. Mdogo wangu anasomesha skuli Wete, Pemba, na anakaa kwetu Mtambwe. Nauli ya gari inamla, na siku gari ikija imejaa anafika kengele ishalia zamani. Nimemuahidi baiskeli. Mtandaoni nimeona moja ya kupendeza kweli: gia 24, breki za diski za mafuta, pauni 340, wanakuletea mlangoni bila ya malipo. Jamaa wa kontena anasema boksi likiwa halijafunguliwa atalichukua kwa nafuu, maana linapangika vizuri.

Mdogo wangu mwenyewe anasema nimtumie pesa tu, yupo fundi Limbani anayefunga baiskeli za mtumba. Mie sina imani. Nahofia nitauziwa chuma kilichopigwa rangi.

La pili ni dogo lakini linanisumbua. Nami nataka ya kuendea kazini, kwa ile njia nyekundu ya baiskeli inayopita nyuma ya nyumba yetu. Njiani pana duka, muuzaji ni mzee mpole, alishawahi kuniziba pancha akakataa pesa. Mtandaoni ile ile anayouza yeye iko chini kwa pauni 60. Nikipita mbele ya duka lake nimepanda ya boksi nitaweka wapi uso wangu?

Nisaidieni.

Kutoka: Ami, Leicester

Waalaykum salaam mwanangu,

Usibonyeze kwanza. Mie nilishabonyeza.

Nilimnunulia mpwa wangu wa Konde, bei ya punguzo, picha inang'ara. Boksi likakaa gereji kwangu kungojea kontena lijae. Kisha bahari, kisha bandari ya Malindi Unguja, kisha maneno ya ushuru, kisha chombo cha Pemba. Tangu nilipolipokea mpaka lilipofunguliwa Konde ilipita miezi mitatu na ushei.

Sasa fahamu kuwa baiskeli ya boksi haiji imefungwa yote. Usukani umelazwa, gurudumu la mbele limetolewa, pedali zimo kwenye kifuko. Mpwa wangu akashika spana. Pedali ya kulia ikaingia vizuri. Ya kushoto ikagoma. Pedali ya kushoto hukazwa kinyume na mwendo wa saa, na imeandikwa L kwenye ncha yake, herufi ndogo kama punje ya ufuta. Yeye hakuiona. Akaongeza nguvu, akamwita na jirani amshikie. Ikaingia, kweli, lakini iliingia kwa kuyatafuna meno ya krenki, ule mkono unaoshika pedali, maana krenki zenyewe ni za alumini na pedali ina msumari wa chuma. Siku ya pili yuko kwenye kilima, pedali ikamtoka na mguu wake juu.

Nikawapigia wauzaji. Huku Uingereza ukinunua kwa mbali una siku 14 tangu mzigo kukufikia za kubadili mawazo bila ya kutoa sababu, na sheria ya haki za mnunuzi ya 2015 inakupa siku 30 za kukirudisha kitu kibovu na kupewa pesa zako. Siku zote hizo zilikwisha boksi likiwa gerejini, limefungwa na utepe wake. Hata breki ya mbele, ambayo diski yake ilikuwa imepinda tokea kiwandani au njiani, sikuwa na ushahidi wowote. Haki ya kutengenezewa ilikuwa bado ipo, lakini watengeneze nini? Baiskeli ilikuwa Konde, kuku wakilala juu ya usukani.

Aliyeiokoa ni fundi wa hapo hapo. Krenki zote mbili akazitoa, akatia za chuma pamoja na ekseli yake kutoka baiskeli kuukuu. Pampu yake haikuingia kwenye valvu, maana zilikuwa zile nyembamba ndefu za baiskeli za mbio, akaitoboa ringi kutoka milimita 6.5 hadi 8.5 na kutia tyubu ya kawaida. Diski akaitupa. Mpwa wangu anaipanda mpaka leo, ila ukiitazama huwezi kuifananisha na ile picha.

Kwa hiyo usiniulize gia ngapi. Muulize mdogo wako: fundi wa karibu yako ana tyubu za kipimo gani ukutani?

Watu wanasema "inchi 26" kama vile ni kitu kimoja. Si kimoja. Mwambie atazame ubavu wa tairi, pana namba mbili zenye kistari katikati. Ya kwanza ni unene wa tairi, ya pili ni kipenyo cha pale tairi linapokaa kwenye ringi, kwa milimita. 559 ndiyo inchi 26 ya baiskeli za milimani. 590 nayo huitwa inchi 26, ni ile ya 26 × 1 3/8, imo kwenye baiskeli za Kijapani za mtumba zenye kikapu mbele. Zipo za 28 × 1 1/2, zile Foniksi ndefu za breki za vyuma, hizo ni 635. Na hizi za kileo zinazoitwa inchi 29 ni 622. Baina ya 559 na 590 ni milimita 31 tu, lakini hata ukilivuta tairi kwa meno halikai.

Breki za mafuta nazo ziache. Zikiingia hewa zinataka sindano na mafuta yake, nyengine mafuta ya madini, nyengine yale ya DOT kama ya breki za gari, ukichanganya mipira ya ndani inaharibika. Breki ya waya, waya ukikatika fundi anatia mwengine unangojea. Gia 24 za nini? Pemba ina vilima, hilo sikatai, si kama Unguja. Gia sita au saba za nyuma zinamtosha mwalimu.

Ama ile yako wewe, nunua kwa mzee. Pauni 60 atakurudishia siku atakapokupima urefu wa kiti, maana hapo ndipo magoti yanapopona au yanapoharibika. Na wala usidhani mtandao haufi. Wiggle ya Portsmouth, duka la baiskeli la mtandaoni, ilianza 1999, sote tulinunua kwao, Oktoba 2023 ikaingia mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi. Mie nilikuwa nangojea jozi ya glovu.

Kutoka: Mrejea, Jambiani

Shikamoo Ami. Nimekusoma na nimecheka hadithi ya kuku. Lakini wauza duka umewasifu kupita kiasi.

Mie nimerudi nyumbani, niko Jambiani, nina baiskeli tisa za kukodisha wageni. Mbili za mwanzo nilizinunua mpya dukani mjini. Nilikwenda na mwanangu wa miaka kumi na tano. Kila nikiuliza, muuzaji anamjibu mtoto. Nikauliza fremu ni ya urefu gani, akaniambia, "Hii ya mama, itakutosha tu." Haikunitosha. Spoku zikaanza kutu kabla ya kusi kwisha, na niliporudi nikaambiwa risiti ilikuwa ya bidhaa, si ya ubora. Sijui hiyo ni risiti gani. Mtandaoni angalau nakuta kipimo kimeandikwa, naupima mguu wangu kwa utepe wa cherehani kutoka sakafuni hadi kwenye paja, nakijua changu. Hakuna anayeniita mama huku akimtazama mwanangu.

Kwa hiyo mie sasa nafanya hivi. Baiskeli nzima nanunua hapa hapa, ya mtumba, baada ya kuipanda mwenyewe. Naigeuza magurudumu juu, nazungusha ringi nikiweka ukucha kando yake. Pale inapougusa ukucha ndipo ilipopinda. Natikisa krenki kushoto na kulia, ikicheza gololi zimekwisha. Natazama chini ya fremu, pale mabomba yanapokutana, maana juu hupakwa rangi lakini chini kutu haifichiki. Spea ndizo ninazoagiza mtandaoni, spoku za chuma kisichoshika kutu, minyororo, viatu vya breki. Ni vitu vidogo, mtu akija likizo anavitia kwenye begi.

Ami hukuisema chumvi. Huku wageni wanapenda kuendesha ufukweni maji yakitoka, mchanga mgumu, upepo, picha. Mnyororo unarudi umevaa chumvi. Ukiulaza hivyo usiku mmoja asubuhi una rangi ya chai. Tunaosha kwa maji ya kisima, tunaukausha na tambara, halafu mafuta ya mashine tone tone, si kumwaga. Kijana wangu mmoja alitia mafuta ya kupikia, yakaganda na mchanga, nikautupa mnyororo mzima. Wete si ufukweni lakini hewa ni hiyo hiyo, kwa hiyo spoku ndizo za kutilia pesa, si gia.

Na moja kwa hisani yenu nyote mlioko nje. Mkishapeleka spea zenu mlizonunua kwa bei nafuu, msimfikie fundi kwa maneno ya "vitu vyote ninavyo, nifungie tu." Hilo "tu" ndiyo kazi yake. Anayeninyooshea ringi hapa anakaa na gurudumu moja asubuhi nzima, spana ndogo ya spoku mkononi, robo mzunguko huku, robo kule, anasikiliza. Faida aliyokuwa akiipata kwenye spea mmeshampa mtu wa mtandaoni. Basi ufundi wake mlipeni kamili.

Kutoka: Mbwa Mwitu wa Muscat

Na ya umeme jee? Mie naja mwezi ujao, naweza kuibeba kwenye ndege?

Kutoka: Ami, Leicester

Fremu wanaweza kukubali ndani ya boksi, uliza shirika lako. Betri hapana. Ndege za abiria haziruhusu betri ya lithiamu ikipita wati-saa 160, na ya baiskeli huwa mara mbili ya hapo au zaidi. Usije ukaifunga kwenye nguo kama yule jamaa yetu, alifunguliwa begi mbele ya watu.

Dada wa Jambiani, marahaba. La ukucha nimelichukua. La kumjibu mtoto ni aibu yao.

Kutoka: Mwana wa Mtambwe, Milton Keynes

Ami, dada, nashukuru. Sikubonyeza.

Mdogo wangu alikwenda Limbani na simu nikiwa hewani. Fundi anafanya kazi chini ya mkungu, kando yake nusu ya dumu la njano lina maji ya kutafutia pancha. Tyubu zimetundikwa kwenye msumari, na kwa mbali nikaona nyingi ni za aina moja. Nikamwambia mdogo wangu asogeze simu kwenye tairi la baiskeli anayoitaka: 37-590. Ya Kijapani, kikapu kimetolewa, keria ya nyuma ni nzito ya kubebea hata kiroba. Alipoigeuza akaweka ukucha kama alivyosema dada. Fundi akamuuliza, "Nani kakufundisha?" akacheka, kisha mwenyewe akaonyesha pale ringi ya nyuma ilipopinda, hakuficha. Kasema ataifuma upya akipata spoku 36. Akaipima moja ya zamani kwa rula ya skuli, kutoka kwenye kona ya shingo hadi mwisho wa uzi, akasoma milimita mara mbili. Bei ya ufundi kaitaja mbali na bei ya baiskeli. Nimekubali yote mawili bila ya kupunguza.

Jumamosi nikaenda kwa mzee wa hapa na orodha: matairi mawili, tyubu nne za valvu nene, spoku 36 na vichwa vyake, waya za breki, gololi. Alipoiona 590 akavua miwani. Akaniambia hicho ndicho kipimo cha Raleigh za zamani, zile alizokuwa akizitengeneza alipokuwa kijana, na matairi anayo nyuma ya duka, hayaulizwi siku hizi. Spoku ameagiza, zinakuja Jumatano. Akaniuliza Wete iko wapi. Nikamchorea Pemba kwenye nyuma ya risiti, na yeye akanipima kiti.

Ile ya diski za mafuta nimeifuta. Ile yangu nimenunua kwake, akanishushia pauni 20 mwenyewe, sikumuomba.

Kontena linafungwa Jumamosi hii. Boksi langu ni dogo na lina nafasi. Mwenye pampu ya mguu asiyoitumia, au spana ya spoku, aniandikie kabla ya Alhamisi, fundi ameulizia zote mbili.