Wajitoleaji wa mashindano ya roboti: tuwashukuru namna gani?

Mratibu_Kampemba
Jambo wote. Mashindano ya roboti ya wanafunzi yamekwisha Jumamosi hapa Lubumbashi. Tulifuata kanuni za WRO (World Robot Olympiad, mashindano ya roboti ya kimataifa), kipengele cha RoboMission, ambapo roboti inajiendesha juu ya meza na kushughulikia vipande vilivyopangwa hapo: timu 14, mizunguko 3 kwa kila timu, meza 2. Wajitoleaji walikuwa 23: waamuzi 6, wapanga-meza 4, wakaguzi wa roboti 2, waandika alama 2, wa kuita timu 3, wa jikoni 4, fundi wa jenereta na seremala wa meza. Kwenye sanduku zimebaki dola 140. Kamati imegawanyika: wengine wanataka fulana, wengine bahasha kwa kila mtu. Mwaka ujao tutawahitaji tena. Nyinyi mnafanyaje?

Yaya_wa_Katuba
Kwanza nauli. Kama kuna mtu aliyelipa takisi-basi kwa mfuko wake kutoka Ruashi au Annexe, mrudishieni leo, kabla ya neno lingine lolote. Nauli ni deni, si shukrani. Mkiziweka pamoja kwenye bahasha moja, aliyekaa karibu ataona amepewa kidogo, na aliyetoka mbali ataona amerudishiwa chake tu. Wote wawili wataondoka na kinyongo.

Fulana, hapana. Fulana ni ya asubuhi ya mashindano, ili mtoto ajue amuulize nani choo kiko wapi. Baada ya siku hiyo inabaki nguo ya kulalia.

Sasa shukrani yenyewe. Chukueni karatasi za alama mhesabu kazi. Timu 14 mara 3 ni mizunguko 42, yaani 21 kwa kila meza. Kabla ya kila mzunguko, mpanga-meza anarudisha kila kipande mahali pake, na vile vya rangi anavipanga kama kura ilivyotoka kwa mzunguko ule, sawasawa kwa timu zote. Kikisogea sentimita moja, mkono wa roboti unakikosa. Rangi mbili zikibadilishana, kihisi kinasoma kingine na timu inapoteza alama bila kosa lake. Basi mwandikieni hivi: «Umepanga meza B mara 21, na hakuna timu iliyoleta lalamiko kuhusu mpangilio.» Sentensi hiyo inaipita mbali «asante kwa mchango wako». Lakini hakikisheni ni kweli. Fomu za malalamiko mnazo.

Karatasi_na_Wino
Naunga mkono, ila msiishie kwenye kadi. Wengi wa wajitoleaji hawa ni wanafunzi wa chuo kikuu au vijana wanaotafuta kazi, na wanachohitaji ni cheti kinachoweza kuingia kwenye faili. Kiwe na: jina kamili, kazi aliyofanya, tarehe, mahali, saa ngapi hadi saa ngapi, saini ya mtu mwenye cheo kinachoeleweka, na muhuri. Muhuri msiusahau. Kwetu karatasi isiyo na muhuri inatazamwa kama tangazo la duka.

Chapisheni kwenye karatasi ngumu ya gramu 200 hadi 250, A4. Kabla ya kulipia zote, jaribuni moja: mashine nyingine za mtaani zinakwama kwenye karatasi nzito, ama wino unatoka ukikunja. Ongezeni 4 zisizo na jina kwa ajili ya makosa. Na msingoje asubuhi ya kugawa. Umeme ukikatika, mtagawa ahadi.

Kosa linaloharibu kila kitu ni majina. Jina la kwenye WhatsApp si jina la mtu. Hapa mtu ana jina, postinomu (jina la pili) na prenomu (jina la kupewa, kama la ubatizo), na vyote vitatu vifanane na kadi yake ya mpiga kura au ya chuo. Herufi moja ikikosewa, cheti hakimfai kitu.

Volti12
Mnazungumzia wasomi tu. Seremala na fundi wa jenereta watafanya nini na cheti cha «mjitoleaji»? Wapeni kitu kinachosema ufundi wao. Kwa seremala, barua ya nusu ukurasa: ametengeneza meza 2 zenye nafasi ya ndani ya milimita 2362 kwa 1143, ukuta wa pembeni wa milimita 50, na ubao umebaki sawa siku nzima. Mnaojua roboti mnajua uzito wa hilo la mwisho. Ubao ukijikunja kidogo tu katikati, gurudumu moja linaelea na roboti inakwenda upande, halafu timu inalaumu programu. Barua hiyo ataibandika kwenye karakana na mteja ataisoma. Pamoja nayo, mwonyesheni roboti ikitembea juu ya meza yake. Kwa kawaida seremala huondoka kabla mashindano hayajaanza.

Mamaa wa jikoni nao washukuriwe na watoto wenyewe. Sauti ya WhatsApp ya sekunde 20 kutoka kwa timu moja, ikitaja chakula kwa jina lake: mikate ya asubuhi, bukari (ugali) na samaki wa mchana. Picha za watoto msitume bila ruhusa ya wazazi.

Mwamuzi_Mkongwe
Naongeza jambo la waamuzi. Wanashukuriwa kwa namna tofauti, maana ndio wanaofokewa. Msiwataje mbele ya watu kwa meza walizosimamia. Timu iliyoshindwa itaunganisha jina na alama. Watajeni kwa pamoja, kila mmoja apate kadi yake pembeni.

Halafu waulizeni maswali mawili tu: nini kilikuchosha, na ulikosa kifaa gani? Majibu huwa madogo: hakukuwa na kiti, kisanduku cha kupimia roboti cha sentimita 25 kilikuwa kimoja kwa wakaguzi wawili, mwamuzi hakupata mtu wa kumshikia meza akanywe maji. Mwaka ujao, kabla ya kuwaalika, watumieni orodha ya yaliyorekebishwa. Mwamuzi aliyesimama mizunguko 21 bila kiti haridhiki na kadi hata iwe na dhahabu.

Mratibu_Kampemba
Asanteni sana. Nauli tunalipa leo jioni. Fulana tumezifuta. Tunachapisha vyeti 21 pamoja na 4 vya akiba, na barua 2 kwa mafundi. Pesa itakayobaki ni chakula cha Jumamosi ijayo, na meza moja itakuwa imepangwa ili seremala aone roboti. Swali la mwisho: majina niyakusanye kwa ujumbe wa simu?

Karatasi_na_Wino
Hapana, simu inabadilisha herufi yenyewe. Omba kila mtu picha ya kadi yake upande wa jina, akutumie wewe peke yako, si kwenye kundi. Ukishaandika cheti, mrudishie apitishe kabla ya kuchapa, kisha futa picha zote za kadi. Asiyejibu hadi Alhamisi, mpigie. Usibahatishe postinomu ya mtu.