Naomba ushauri: ratiba ya chuo inagongana na siku za giza ziwani

Ndugu zangu wanataaluma, mimi ni mhadhiri msaidizi hapa Kigoma, mwaka wangu wa pili kazini, na utafiti wangu unahusu dagaa na migebuka wa Ziwa Tanganyika. Kama mjuavyo, wavuvi wetu huvua usiku kwa taa, hutoka siku za giza na kupumzika mwezi mpevu unapoangaza, kwa hiyo sina budi kuwa mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, Kibirizi au Katonga alfajiri za siku hizo, nipime samaki kabla hawajauzwa. Giza likinipita, nasubiri mwezi unaofuata.

Muhula huu nimepangiwa kozi 3, moja ikiwa na wanafunzi zaidi ya 200, pamoja na kazi za kamati ya mitihani. Kufundisha nakupenda kwa dhati, na sitaki wanafunzi waumie kwa sababu ya utafiti wangu. Lakini kupanda cheo kunahitaji machapisho, na takwimu zenye mapengo ya miezi mizima ni vigumu kuzitetea mbele ya jarida makini.

Je, ni busara kumwomba mkuu wa idara anikusanyie vipindi katika siku 2 au 3 za wiki, au nitaonekana nakwepa kazi ningali mgeni? Wapo miongoni mwenu waliowafundisha vijana wa mwaloni kupima samaki kwa niaba yao? Mlizihakikije takwimu hizo, na mliwalipa kwa utaratibu gani? Hili la mwisho ndilo linalonisumbua zaidi, kwani bado sina ruzuku.